Wembe Ulioishia Katikati

Watu wengi huambiwa habari za kuzaliwa kwao wakiwa wamekaa kitako, na mtu mzima aliyetumwa kuwaambia ameshakohoa mara kadhaa kutafuta pa kuanzia. Mimi nilizipata nikiwa nimepiga magoti, nimeinamisha kichwa juu ya karai, maji yananitiririka hadi kwenye kope, na nusu ya nywele zangu ziko kwenye ungo.

Ilikuwa Desemba ya mwaka wa Elinino. Baba yangu, Masalu, alikuwa amefariki Mwanza. Kifua kilimsumbua tangu walipompunguza kazini kwenye kiwanda cha nguo. Akawa anauza mitumba Mabatini, mtaani kwetu, huku anakohoa, mpaka siku moja hakuweza kulibeba robota lake. Tulimsafirisha hadi kijijini kwao upande wa Magu, ambako mashamba ya pamba yanashuka mpaka ziwani. Mwaka ule hayakushuka popote, yalikuwa yamezama. Ilibidi kaburi lichotwe maji kwa ndoo kabla ya kumweka, na mimi nilisimama pale nikiwachukia wale wachotaji kana kwamba wao ndio walioleta mvua.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Nyuma yangu walikuwepo Jonathan na Josephat, watoto wa Suzana, mke wa baba. Kwamba Suzana hakunizaa nilijua, halikuwa jambo la siri. Mama yangu, Winnie, aliniacha mikononi mwa baba nikiwa natambaa, akaenda zake upande wa Kenya, na jina lake halikutajwa nyumbani ila kwa bahati mbaya. Lakini baba alikuwa baba. Hilo sikuwahi kulifikiria, kama vile mtu asivyofikiria kwamba ana magoti.

Kwa akina baba, siku ya kuondoa matanga watoto wa marehemu hunyolewa mbele ya watu wote. Hawanyolewi ovyo. Anaanza aliyezaliwa kwanza, anafuata wa pili, hadi kitinda mimba, kwa wembe mmoja na maji ya karai moja, na nywele zote zinaangukia kwenye ungo mmoja unaokwenda kufukiwa kaburini. Ndugu wengine hufuata baadaye, kila mtu kwa nafasi yake. Ukitaka kujua marehemu aliacha watoto wangapi, huna haja ya kumuuliza mtu, unatazama wale walioanza.

Mnyoaji alikuwa shangazi Odeta, dada mkubwa wa baba. Macho yake yote mawili yalikuwa na ukungu, lakini kazi ile alikuwa ameifanya tangu ujana wake na hakuna aliyethubutu kumpokonya wembe.

"Wa kwanza wa malehemu aje," akasema.

Nikaenda. Sikusukumwa na mtu wala sikujipenyeza. Nani mwingine angekwenda? Nilipiga magoti, shangazi akanifumua nywele nilizosukwa likizo, akanimwagia maji, akanipapasa kichwa chote kwa vidole vyake vikavu.

"Ni Selina huyu. Hata kichwa ni cha baba yako, kimechongoka nyuma hivi hivi."

Akaanza kwenye paji la uso, upande wa kulia, akashuka hadi kisogoni. Wembe ulikuwa unakwaruza na mimi nilikuwa nalia, lakini kilio kile kilikuwa kizuri, sijui niseme vipi. Nilikuwa nalia mahali pangu. Alipomaliza upande wa kulia akapumzika kidogo kuusuuza wembe. Hapo ndipo baba mkubwa Luhaga, kaka yake baba, aliporudi kutoka kuwasindikiza wageni waliowahi kuondoka kabla barabara haijakatika.

"Dada! Unamnyoa nani?"

"Mtoto wa kwanza wa ndugu yako. Au na wewe macho yamekwisha?"

"Mtoto wa kwanza ni Jonathan."

Nilingoja mtu acheke. Msibani huwa kuna watani, na watani wa kwetu hawana adabu; nilidhani ni mmoja wa michezo yao. Hakuna aliyecheka.

"Huyo mama yake alikuja naye tumboni," baba mkubwa akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeeleza njia ya kwenda kisimani. "Na ng'ombe wa mahari hawakwenda kwa watu wa mama yake, hata mmoja. Masalu alimlea, sawa. Kulea ni kulea. Huyo hana baba hapa."

Maji yaliendelea kunitiririka. Niliinua macho kumtafuta Suzana. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, amefunikwa kanga hadi kwenye nyusi, kwa sababu mjane hasemi neno mpaka naye anyolewe. Alinitazama, kisha akatazama chini. Nikajua kwamba ni kweli, na kwamba yeye alikuwa anajua siku zote.

"Shangazi, endelea," nikasema. "Shangazi, malizia."

Shangazi alikuwa ameshauinua wembe. Baba mkubwa akamshika kiganja.

"Luhaga, wembe wa msiba hausimami katikati. Ukisimama unaludi kutafuta kichwa kingine."

"Na ukimaliza, umesema mbele ya watu wote hawa kwamba ni wetu. Watu wa mama yake wakija kesho kumdai, au kudai ng'ombe, utawajibu wewe?"

Wazee wakaingia ndani kukaa kikao. Mvua ilianza. Watu wakakimbilia chini ya bati, mimi nikabaki pale kwenye karai nimepiga magoti, kwa maana hakuna aliyeniambia niinuke na nilikuwa na wazo la kijinga kwamba nikiinuka nitapoteza nafasi yangu. Kijana mmoja wa ukoo alitumwa kuondoa nywele zangu. Alizichambua kutoka kwenye nyufa za ungo, uzi kwa uzi, kama mtu anayetoa mchanga kwenye mchele, akazifunga kwenye kipande cha gunia la pamba, akanipa mkononi bila kunitazama. Kisha wakaleta karai jingine na wembe mpya, wakamwita Jonathan.

Jonathan alinipita. Alikuwa na miaka minane. Akaniuliza kwa kunong'ona, "Dada, inauma?" Nikamwambia haiumi.

Kikao kilipokwisha, baba mkubwa alitangaza kwamba nitapelekwa Ukerewe kwa baba wa mama yangu. Mtoto ambaye ng'ombe wake hawakutoka ni wa kule mama yake alikotoka, kwa hiyo wao ndio wamalizie kichwa. Shangazi Odeta alisonya, akaingia ndani, na hakutoka hata tulipokuwa tunaondoka.

Baba mkubwa hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililonitesa. Mtu mbaya unamchukia, unapumzika. Yeye aliniazima kitenge cha mkewe nijifunge kichwani, kwenye basi akaninunulia andazi, na tulipofika Mwanza kupanda meli ya Nansio, bandari ya Ukerewe, akanishika mkono wakati wa kuvuka ubao, maana watu walikuwa bado wanapanda meli huku wanasali tangu ajali ya mwaka uliotangulia. Lakini kila aliyemuuliza, "Huyu ni binti yako?" alijibu, "Hapana, namsindikiza." Mara ya kwanza nilishtuka. Baadaye nikawa namwona anaelekea kuulizwa, nageuza uso ziwani kabla hajajibu.

Safari nzima nilikuwa natengeneza babu kichwani mwangu. Nilimpa ndevu nyeupe, nikampa kicheko. Nilijiambia, kama si wa Magu basi mimi ni wa Ukerewe, na Ukerewe ni kuzuri, kuna machungwa. Atanipokea, atanimalizia nywele, ataniambia jina la baba aliyenizaa, na mimi nitakuwa mtu kama watu wengine.

Tulimkuta Mzee Obedi barazani anamenya mihogo, mvua inamwagika mbele yake kutoka kwenye bati. Alikuwa mzee wa kanisa, mwembamba, shati limefungwa vifungo hadi shingoni. Hakuwa na ndevu.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba." Hakuuliza mimi ni nani. Alinitazama, kisu kikasimama. "Huo mdomo ni wa Winnie."

Kumbe nilikuwa na kitu cha mtu! Nikaushika mdomo wangu kwa vidole kama mgeni.

Baba mkubwa akakaa kwenye kigoda, akaanza kueleza. Alipofika mahali penyewe akanionyesha kwa kidole, nami nikafungua kitenge. Mzee aliutazama upande wa kulia, akautazama upande wa kushoto.

"Ni msiba wa nani?"

"Wa ndugu yangu, mzee wangu. Masalu."

Mzee Obedi akaweka kisu chini.

"Mwaka huu hakuja," akasema. "Nikajiambia ni mvua hizi."

"Hakuja wapi?" baba mkubwa akauliza.

"Hapa. Kila mwaka, mkishavuna pamba zenu, alikuwa anakuja. Alikuwa anakaa hapo hapo ulipokaa. Ananiambia, 'Baba mkwe, nimekuja kumwomba mtoto, awe wa ukoo wangu.' Namwambia, mimi siyo mkwe wako, ng'ombe wako wapi? Anasema, 'Sina. Lakini namwomba.' Namfukuza. Anaomba maji ya kunywa, anakunywa, anashukuru, anaondoka. Mwaka mwingine huyo tena. 'Baba mkwe, shikamoo.' Hata walipomfukuza kazi alikuja, kandambili zimekatika."

Baba mkubwa alikuwa amefungua mdomo. "Hakutuambia hata siku moja."

"Angewaambia nini? Kwamba anaomba?"

Nilikumbuka safari zile. Baba alikuwa anasema anakwenda Nansio kuangalia biashara ya dagaa, na kila mara alirudi bila dagaa, na mimi nilikuwa namcheka.

"Babu, mbona hukumpa?" nikauliza. Mtoto hamuulizi mzee hivyo, lakini sikuwa na nguvu za kutafuta njia nyingine.

"Nilidhani iko siku atakuja na ng'ombe," akajibu. "Nilidhani siku zipo."

"Na aliyenizaa ni nani?"

Alimtazama baba mkubwa kwanza. "Mnunuzi wa sangara. Alikuja na boti, akakaa msimu mmoja, akaondoka na boti. Mama yako mwenyewe alikuwa anamjua kwa jina la utani tu."

"Jina gani?"

"Halifai kuambiwa mtoto."

Basi hicho ndicho nilichopata kwa upande wa baba: jina ambalo halifai. Nilitaka kucheka na nilitaka kutapika. Baba mkubwa, ambaye naona alitaka tumalize tuwahi meli, akasema, "Sasa mzee wangu, huyu ni wa kwenu. Mmalizieni kichwa."

"Simnyoi."

"Mzee..."

"Sikiliza. Winnie hajarudi, lakini hakuna mtu aliyeniletea habari kwamba amekufa. Nikimnyoa mtoto wake nywele za msiba katika nyumba hii, nitakuwa nimemzika mwanangu kwa mkono wangu mwenyewe. Kila jioni mke wangu anamwekea chakula. Nitamwambia nini?"

"Lakini ni msiba wa Masalu!"

"Masalu siyo mtu wa nyumba hii. Nimemkataa mwenyewe kila mwaka, leo nitamlilia kwa kinywa gani?" Akaokota kisu chake. "Wembe umeanzia kwenu, ukaishie kwenu."

Nilipiga magoti kwenye saruji iliyolowa. Nilimshika miguu. Nikamwambia, "Babu, ninyoe tu. Ninyoe nyuma ya nyumba, sitamwambia mtu. Sitakuja tena kukusumbua." Nilisema mengi ambayo hadi leo yananiwasha masikio nikiyakumbuka. Yule mzee alikuwa analia, machozi yanamshuka hadi kwenye kola ile aliyoifunga, na bado alikuwa anatikisa kichwa kukataa. Kama angenitukana ingekuwa nafuu. Mwisho alinitoa mikono miguuni pake, taratibu, kidole kimoja kimoja, akaingia ndani, akatoka na mfuko wa mihogo. Tuliondoka na mihogo.

Melini baba mkubwa alisimama ameshika ukingo mpaka tulipoanza kuona mawe ya Mwanza. Kisha akasema, macho yake yakiwa majini, "Sikujua kwamba alikuwa anakwenda kule."

Nikajifunga kitenge upya.

"Haibadilishi kitu. Kuomba siyo kutoa. Lakini nitawaambia wazee." Akafikiri tena. "Tukivuna tutakaa kumkumbuka marehemu. Suala lako litazungumzwa upya. Mpaka siku hiyo hizo nywele usiziguse, na mtu asiziguse. Zikiwepo, jambo halijaisha. Zikikatwa na mtu mwingine yeyote, basi, limekwisha, na sisi hatumo."

Tangu pale nikageuka. Mimi niliyekuwa namlilia kila mtu aninyoe, sasa nikawa nazilinda zile nywele za upande wa kushoto kama mtu anayelinda mahindi yasiliwe na nyani. Ndizo zilizokuwa zimebaki kati yangu na baba.

Baba mkubwa aliniacha Mabatini kwa Suzana, ambaye alikuwa amesharudi na wanawe, kichwa chake kinang'aa. Kabla hajaondoka alisimama mlangoni akamwambia, "Shemeji, kichwa cha huyu usikiguse. Ukikimalizia wewe, umejitwalia mtoto nje ya ukoo, na lile shamba la Masalu ulilokuwa ulime kwa ajili ya wanao litarudi kwetu. Nasema mapema tusije tukalaumiana."

"Nimesikia, shemeji," Suzana akajibu.

Shamba lile ndilo alilokuwa nalo. Chumba kilikuwa cha kupanga. Kila asubuhi alikwenda kununua mapanki, yale mabaki ya sangara ambayo viwanda vinayatoa minofu ikishatengwa kwa ajili ya Ulaya, anayakaanga kando ya barabara, na jioni tunakula yaliyokosa mnunuzi. Alikuwa ananigawia sahani yangu sawa na wengine. Lakini hakuwa ananitazama usoni, na siku moja aliponikuta nimejifungia kitenge nalia, alisema, "Lia ukimaliza uchote maji. Wote humu tumefiwa."

Nilimchukia siku ile. Nilijiambia anangoja mavuno tu ili wanichukue apumzike.

Shule ilifunguliwa Januari. Nilikwenda na kitenge kichwani, na nilikuwa nimejiandaa kusema kwamba naumwa mapunye. Upande wa kulia ulikuwa umeota nywele fupi ngumu, wa kushoto zimesimama msitu, na vumbi lote la likizo limo ndani yake. Mstarini mwalimu wa zamu akapita anakagua kucha na vichwa. Alikuwa na mkasi mrefu wa ofisini, na wenye nywele ndefu alikuwa anawapitishia njia moja katikati ya kichwa ili wakanyolewe wenyewe kwa aibu. Aliponifikia alikivuta kitenge bila kuuliza.

Shule nzima ikacheka. Sikuwalaumu. Hata mimi kama ningemwona mwenzangu yuko vile ningecheka.

"Huu ni mtindo gani? Umeuona kwenye video?"

"Nimefiwa, mwalimu."

"Ukifiwa ndiyo unanyoa upande mmoja?" Akanishika sikio, akaleta mkasi upande wa kushoto.

Sijui nini kilinipata. Nilipiga yowe ambalo sikujua ninalo, nikajishika kichwa kwa mikono miwili, nikajitupa chini kwenye matope, nikajikunja. Mwalimu akajaribu kuniondoa mikono, nikamng'ata. Watoto wakaacha kucheka. Kiranja mmoja akanishika miguu, nikampiga teke. Nilikuwa nasema, "Bado hawajakaa, bado hawajakaa," na hakuna aliyeelewa ni akina nani hawajakaa.

"Toka," mwalimu akasema huku anapuliza kidole chake. "Toka, uje na mzazi. Leo leo. Bila mzazi, shule hii usiikanyage."

Mzazi! Nilitembea kutoka shuleni hadi barabarani nikilirudia neno lile. Mmoja yuko chini ya maji ya Magu. Mwingine aliondoka. Mwingine ni jina lisilofaa. Nilifikiri kwenda stendi kutafuta basi la Magu, nikafikiri kwenda bandarini, na kila nilikofikiri kulikuwa na mtu ambaye ameshaniambia hapana. Nilisimama pale malori yananirushia matope na, Mungu anisamehe, nilitamani moja lisogee kidogo upande wangu. Kisha miguu ikanipeleka kwa Suzana, kwa kuwa ilikuwa imezoea njia.

Alikuwa anageuza mapanki kwenye mafuta. Aliitazama sare yangu iliyojaa matope.

"Shuleni wanataka mzazi," nikasema.

Aligeuza kipande, akageuza kingine. Mteja alikuja, akamhudumia, akamrudishia chenji.

"Wanataka kunikata. Nimemng'ata mwalimu," nikasema. "Ukawaambie wangoje mavuno. Sema tu wewe ni jirani."

Aliipua karai la mafuta, akaliweka pembeni, akamwomba muuza nyanya wa karibu amwangalizie. Akafunga kanga yake vizuri, akaanza kutembea mbele, na mimi nyuma. Njia nzima hakugeuka.

Mwalimu alikuwa kwenye veranda ya ofisi, kidole amekifunga kitambaa. Akamtazama Suzana kuanzia kichwa chake kilichonyolewa hadi kandambili zake zenye matone ya mafuta.

"Wewe ndiye mzazi wa huyu?"

Nilikuwa namtazama mgongo. Nilikuwa nataka aseme ndiyo, na nilikuwa nataka anyamaze, yote mawili kwa pamoja.

"Ndiye mimi," akasema. "Na huo mkasi weka ndani, mwalimu. Mtoto ana msiba. Hanyolewi na mkasi wa kukatia karatasi."

"Basi anyolewe unavyotaka wewe, lakini aingie darasani akiwa na kichwa kimoja."

"Naomba maji."

Walimpa ndoo ndogo. Akafungua pindo la kanga, mahali wanawake wanapofungia hela, akatoa wembe. Ulikuwa mpya, karatasi yake haijafunguliwa, na ile karatasi ilikuwa imechakaa kwa kukaa pale. Nikarudi nyuma.

"Usininyoe. Shamba la Jonathan! Baba mkubwa alisema..."

"Najua alichosema. Nilikuwepo."

"Wazee hawajakaa. Nikinyolewa nitakuwa siyo mtoto wa baba tena."

Hapo aligeuka. Kwa mara ya kwanza tangu kule Magu alinitazama usoni, na alikuwa amekasirika kiasi kwamba midomo ilikuwa inamcheza.

"Baba yako alikuwa anakwenda Ukerewe kila mwaka," akasema. "Ulidhani nauli alikuwa anapewa na nani?"

Nilimkodolea macho.

"Nilikuwa namfungia na viazi vya njiani. Anarudi amekataliwa, analala anatazama ukutani. Namwambia, mwakani utakwenda tena. Wale wazee wa kwao unaowangojea, wamewahi kuuliza alikuwa anakwenda wapi? Inama."

Nikainama. Akanimwagia maji, akaanza kwenye paji la uso, upande wa kushoto. Mkono wake haukuwa mwepesi kama wa shangazi, na nywele zilikuwa ndefu, zilivutika kabla ya kukatika. Zilianguka kwenye sakafu ya veranda na kwenye miguu yetu. Madarasani watoto walikuwa wanaimba jedwali la saba. Mimi nilikuwa nalia kwa sauti, nalia kwa sababu ya baba na kandambili zake, na Suzana hakuniambia ninyamaze.

"Usidhani nakupenda sana," akasema, huku anausuuza wembe. "Nimechoka tu kukuona nusu."

Akanigeuza kichwa kwa kukishika kidevuni, akaendelea na upande wa sikio.